Kura Zilizofika Kabla ya Wasomaji: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Swali liliwekwa saa 3:14 usiku kwenye jukwaa letu la mtandaoni la mafundi. Dada mmoja alieleza kwamba mfuniko wa nyuma wa simu yake umeanza kunyanyuka, kioo kimeachia upande mmoja, na akiilaza mezani inayumba. Afanyeje?

Saa 3:31 alijibiwa na mwanachama ambaye sote tunamwita Mzee, fundi wa siku nyingi. Hiyo ni betri iliyovimba, aliandika. Izime, usiichaji tena, usiibonyeze, usiitoboe. Iweke mbali na chochote kinachoshika moto, kisha uipeleke kwa fundi au mahali wanapopokea betri chakavu. Saa 3:38 likaja jibu la pili, fupi, lenye kujiamini: chukua sindano, toboa pembeni kidogo gesi itoke, kandamiza mpaka irudi bapa, endelea kutumia.

Mimi niliufikia uzi huo, yaani swali pamoja na majibu yake, saa 4:20, baada ya mwanachama kunitumia ujumbe: "Dada, jibu la Mzee limefichwa. Kakosea nini?"

Hakukosea kitu. Kwetu kila kura ya kupandisha huliongezea jibu alama moja, na ya kushusha huipunguza moja. Jibu lake lilikuwa na alama hasi 3, na jibu likishuka hapo programu hulikunja, likabaki mstari mmoja wa kijivu ambao msomaji hana budi kuubofya ndipo asome. Jibu la sindano lilikuwa juu kabisa, na alama 9.

Ninasimamia jamii hii ya mafundi na wanaojifunza ufundi kwa kujitolea. Kisa cha usiku ule nakieleza kwa urefu kwa sababu nusura tuwafungie watu watano wasio na hatia, huku mwenye hatia akiendelea kujibu maswali kwenye uzi wa pili.

Kwanza sindano

Kabla ya kuuliza nani kapiga kura, nilishughulika na ushauri wenyewe. Ndani ya betri ya lithiamu-ioni mna tabaka zenye chaji hasi na chanya zilizopangwa au kukunjwa pamoja, zikitenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, na zote zimeloweshwa kimiminika kinachoshika moto. Gesi inayoivimbisha ni dalili kwamba vitu vilivyomo ndani vimeanza kuharibika. Sindano ikiupenya ule utando, tabaka hizo hugusana, umeme hupita bila kizuizi, joto hupanda ghafla, na betri inaweza kuwaka ikiwa mkononi mwa aliyeishika.

Kwa hiyo sikungoja uchunguzi. Niliweka utepe mwekundu juu ya jibu hilo, USHAURI HUU NI HATARI, USIUFUATE, na sababu zake chini. Nikalikunjua jibu la Mzee na kulibandika juu. Nikaufunga uzi usipokee kura mpya, ila aliyekwisha kupiga aliachiwa nafasi ya kubadilisha. Lile la sindano sikulifuta. Kwenye programu yetu jibu likifutwa kura zake hufutika nalo, na kura ndizo nilizotaka kuzisoma.

Haya ni mambo mawili tofauti, na nimeona wasimamizi wengi wakiyachanganya. Ushauri hatari huondolewa njiani papo hapo, hata kama watu mia waaminifu wameupigia kura. Tuhuma ya kuchezea kura haina haraka hiyo. Mwisho wake ni kumwondoa mtu katika jamii aliyoizoea na kulichafua jina lake mbele ya wenzake, na jina likishachafuka hapa hakuna wa kulisafisha. Watu tisa wanaweza pia kukosea kwa nia njema kabisa. Jibu fupi, lisilo na "labda" hata moja, linalompa mtu kitu cha kufanya sasa hivi, hupendwa kuliko jibu linalomwambia aache kutumia simu yake. Kura iliyokosea si kura ya wizi, na mtu ana haki ya kukosea kura yake.

Swali langu halikuwa kwa nini wamepandisha jibu baya. Nilitaka kujua kama hao tisa ni watu tisa.

Tulichokiona, na tulichodhani tumekiona

Kwetu kura ni siri. Msimamizi mmoja hawezi kufungua kumbukumbu za nani kapigia nani. Lazima wawili wakubaliane na waandike sababu, na hata hapo tunafungua kiasi kile tu tulichokiombea. Nilimwandikia mwenzangu, naye akakubali, tukafungua kumbukumbu za uzi huo kwa usiku ule peke yake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu anayepewa nafasi ya kuona kura zote za watu huanza kuzisoma kwa udadisi, na udadisi haumalizi siku mbili kabla haujawa uonevu.

Programu hutunza mambo machache: akaunti iliyopiga, wakati, mwanachama aliingia na kutoka lini, ukurasa ulifunguliwa lini, msomaji aliufikia kwa njia gani, na anwani ya IP, ile namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, ambayo hufutwa baada ya siku chache.

Jambo la kwanza lilikuwa wazi. Kati ya saa 3:40 na saa 3:49 zilipigwa kura 11: sita za kulipandisha jibu la sindano na tano za kulishusha la Mzee. Katika dakika hizo uzi ulikuwa umefunguliwa na wasomaji 17 tu. Siku za kawaida, kwetu, katika kila wasomaji ishirini hupatikana mmoja anayepiga kura, na saa hizo za usiku hata huyo hapatikani. Hapa walipiga sita kati ya 17, na hakuna hata mmoja aliyeandika neno. Lakini wingi peke yake hausemi mengi. Mada ikigusa watu, kura humiminika, na hiyo ndiyo raha ya kuwa na jamii.

Kisha tukaona kundi jingine, na hapo ndipo tulipopotoka. Kati ya saa 3:55 na saa 4:10 waliingia watu watano kwa pamoja. Akaunti zao zilikuwa zimefunguliwa usiku uleule. Wote walifika kupitia linki moja. Wote walikuwa na anwani moja ya IP. Na watatu kati yao walikuwa wamelipandisha jibu la sindano.

Mwenzangu aliandika: "Tumewapata. Niwafungie?"

Nilikuwa nimeshaanza kuandika ndiyo. Akaunti mpya, linki moja, anwani moja: ukimuuliza msimamizi yeyote dalili za udanganyifu, hizo tatu atakutajia kabla hujamaliza swali.

Kilichonizuia ni ile anwani. Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu, na vifaa vinavyotumia intaneti vimezipita kwa mbali. Kampuni za simu zimelitatua hilo kwa kuwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo simu mia kadhaa zisizojuana zinaweza kuonekana kwetu kama simu moja. Hali ni hiyohiyo kwa shule, ofisi, maktaba au nyumba yenye Wi-Fi moja. Anwani moja inakuambia watu hawa wamepita mlango mmoja. Haikuambii kama ni mtu mmoja.

Basi tukaangalia walifanya nini baada ya kuingia. Hao watano walikaa kwenye uzi kati ya dakika mbili na sita. Wawili walilibofya lile jibu lililokunjwa, wakalisoma, wakalipandisha. Watatu wakalipandisha la sindano. Yaani walipingana. Mmoja aliuliza swali chini, kama betri iliyovimba ikiachwa siku kadhaa hupungua yenyewe. Kisha wakasambaa: mmoja alikwenda kusoma uzi wa kuchomelea waya, mwingine uzi wa feni isiyozunguka, mwingine akapotelea kwenye mada za miaka mitatu iliyopita.

Nilimwandikia yule aliyeuliza swali, nikamkaribisha na kumuuliza ametujuaje. Akajibu kwamba wako darasa moja la umeme, na mwalimu wao aliona uzi ule akawatumia linki, waseme jibu lipi ni sahihi. Walikuwa wanafanya zoezi la darasani.

Akaunti zilizolelewa

Tukiwaondoa wanafunzi, zinabaki zile akaunti sita za mwanzo, ambazo hatukuzitilia shaka hata kidogo. Zilikuwa na umri wa kati ya miezi saba na kumi na minne. Zina picha. Zina maelezo mafupi ya mwenyewe. Kila moja ilikuwa imeandika mara tatu au nne, maneno yasiyomuudhi mtu: asante, imenisaidia, nami nilipata tatizo hili. Mtu alikuwa amezilea taratibu, kama mche.

Ya sita katika kundi haikumshusha Mzee kwa sababu moja tu: ilikuwa haijafikisha alama zinazomruhusu mwanachama kushusha jibu la mwenzake. Ndiyo maana kulikuwa na sita za kupandisha na tano za kushusha. Nilipolielewa hilo nilisikia baridi, maana lilionyesha kwamba kila akaunti ilikuwa imefanya kila kilichokuwa katika uwezo wake.

Nitazame mojawapo kwa karibu. Ilifungua ukurasa saa 3:43 na sekunde 8. Ilipiga kura ya kupandisha saa 3:43 na sekunde 13. Ikapiga ya kushusha sekunde mbili baadaye. Ikatoka. Haikufika kwa kupitia orodha ya mada mpya, wala kwa kutafuta, wala kwa linki kutoka nje. Ilifika moja kwa moja kwenye anwani ya jibu la sindano lenyewe, ile anwani ndefu ambayo huipati mpaka ubofye tarehe iliyo chini ya jibu. Kulisoma swali na majibu yote mawili, hata kwa msomaji mwepesi, kunahitaji zaidi ya dakika moja. Hii ilitumia sekunde tano. Akaunti nyingine tano zilitumia kati ya nne na saba.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sijawahi kuona maneno hayo yakitimia kama yalivyotimia kwenye jedwali lile. Mpiga kura wa kweli hutangatanga. Huja kutafuta kitu kimoja akaishia kwenye kingine, hukaa mahali bila kupiga chochote, humpandisha leo mtu aliyemshusha jana. Kura yake ni mabaki ya kusoma. Hawa hawakusoma. Walikuja, wakafanya kazi moja, wakaondoka kwa mlango waliouingilia.

Tuliomba ruhusa ya pili, mara hii kuangalia kura zote za kupandisha za akaunti hizo sita tangu zifunguliwe. Zilikuwa 231. Kati ya hizo, 188 zilikwenda kwa mwandishi mmoja: yule wa jibu la sindano. Nyingine 43 zilitawanyika huku na huko, karibu zote katika wiki za mwanzo za kila akaunti, kama mtu anayetembeatembea sokoni asionekane kwamba amefuata duka moja.

Mia moja themanini na nane si ushahidi bado. Mtu anaweza kumpenda mwandishi mmoja. Kwa hiyo tulipima jinsi zinavyofanana zenyewe kwa zenyewe. Hesabu yake ni rahisi na kila msimamizi anaweza kuifanya kwa mkono: chukua akaunti mbili, hesabu majibu ambayo zote mbili zimeyapigia kura, gawanya kwa jumla ya majibu ambayo angalau mojawapo imeyapigia. Akaunti ya kwanza ilikuwa imepigia majibu 40, ya pili 38, na 31 yalikuwa yaleyale. Jumla bila kurudia ni 47. Thelathini na moja kwa arobaini na saba ni 0.66.

Namba hiyo haina maana mpaka uilinganishe na siku za kawaida za mahali pako. Tukachukua jozi 200 za wanachama wanaoshinda kwenye mada za simu, tukazipima vivyo hivyo bila kuonyeshwa majina yao. Nyingi hazikufika 0.1. Jozi iliyopita zote ilikuwa 0.24. Katika sita wetu, jozi iliyofanana kidogo kuliko zote ilikuwa 0.51.

Lakini kilichonikalia moyoni kuliko namba zote ni kitu ambacho hakikuwepo. Katika miezi kumi na minne, hakuna dakika hata moja ambamo akaunti mbili kati ya hizo sita zilikuwa ndani pamoja. Watu sita wasiojuana, wanaopenda mada zilezile, siku moja lazima wakutane. Hawa hawakuwahi. Moja ikitoka, baada ya dakika moja na nusu hivi inaingia nyingine, na mara nyingi kwa mpangilio uleule: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Nilipozipanga kwenye mstari wa muda niliona mtu mmoja amekaa, anatoka, anaandika nywila, anaingia, anapiga, anatoka tena. Hapo pana mkono wa mtu, na ni mkono mmoja.

Mkono wa nani?

Hapa wengi hukimbilia hukumu: aliyefaidika ndiye aliyefanya. Sikubaliani. Ukitaka kumfukuzisha mtu, njia nyepesi ni kumnunulia au kumtengenezea kura chafu halafu ukamripoti. Kufaidika kunakupa jina la kuanzia tu.

Tuliangalia nyendo za akaunti yake yenyewe usiku ule. Saa 3:38 aliweka jibu. Saa 3:39 alitoka. Saa 3:40 ikaingia akaunti ya kwanza. Saa 3:49 ikapiga kura akaunti ya sita. Saa 3:51 yeye akaingia tena na kumjibu mtu kwenye uzi mwingine. Tukazirudia nyakati 23 za nyuma ambapo akaunti hizo zilikuwa zimempigia kura kwa mfululizo, na mara 19 pengo lilikuwa hilohilo: anatoka, wanakuja kwa zamu, anarudi. Mtu wa kumsingizia angelazimika kujua dakika anayotoka na dakika atakayorudi, kwa zaidi ya mwaka.

Hata hivyo tulimuuliza kwanza. Nilimwandikia faraghani:

"Ndugu yangu, tumeona akaunti sita ambazo nyendo zake zinafuatana na zako kwa namna ambayo hatuwezi kuieleza. Hatujaamua lolote na hakuna aliyeambiwa nje ya wasimamizi wawili. Tunaomba utueleze unachokijua. Kama kuna jambo ambalo hatulioni, tungependa kulijua kabla."

Sikumtajia sekunde, wala mpangilio, wala ile hesabu. Sababu ni mbili. Anayeambiwa alipokosea hujifunza asikosee pale tena. Na kama hana hatia, maelezo yake yatakuwa na thamani zaidi yakija bila kuyatengenezea njia.

Alijibu baada ya siku mbili kwamba ni ndugu zake wa nyumbani, wanatumia kompyuta moja. Ni jibu linalowezekana, na lingeeleza kwa nini hawakutani. Lisingeeleza kwa nini ndugu sita hawasomi. Nilimuuliza swali moja tu: kati ya hao sita, nani anapenda mada gani? Kimya cha siku nzima. Kisha ukaja ujumbe mrefu, nao nitaufupisha kwa uaminifu kadiri niwezavyo.

Alisema alianza na akaunti moja tu. Alikuwa ameandika jibu zuri kuhusu soketi ya kuchajia, akalihangaikia saa nzima, likakaa siku tatu bila kura hata moja, na jibu bovu lililopata kura mbili za mapema likawa juu yake. "Jibu lisilo na kura ya kwanza halisomwi na mtu," aliandika. Akajipa hiyo kura ya kwanza. Kura zikafuata, za kweli. Mara ya pili ilikuwa rahisi. Kufikia akaunti ya nne hakuwa tena akiangalia kama jibu lake ni zuri.

Niliisoma sentensi yake hiyo mara nyingi, kwa sababu ni kweli. Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha katika jarida la Science jaribio walilolifanya kwenye tovuti ya habari ambayo wasomaji hupigia maoni kura. Maoni zaidi ya 100,000 yaligawanywa kwa bahati nasibu. Mengine yalipewa kura moja ya kupandisha mara tu yalipowekwa, mengine kura moja ya kushusha, na yaliyobaki yakaachwa. Maoni yaliyopewa hiyo kura moja ya kupandisha yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 32, wa kupandishwa tena na msomaji wa kwanza, na mwishowe alama zake zilikuwa juu kwa wastani wa asilimia 25. Kura moja tu! Zile za kushusha, wasomaji walizirekebisha wenyewe. Yaani umati huwa mwepesi kumtetea aliyeonewa, lakini aliyependelewa hauoni sababu ya kumgusa.

Kwetu hata ile nusu ya kheri ilishindikana, kwa sababu tulikuwa tumeweka mkunjo. Jibu la Mzee lilipofika hasi 3 halikuonekana tena, na umati hauwezi kukitetea kisichoonekana. Kosa hilo ni letu, wasimamizi. Kura tano za uongo zilipewa nguvu na kanuni tuliyoitunga sisi.

Si jambo geni. Mwaka 2014 mmoja wa watumiaji mashuhuri kabisa wa Reddit, mtandao mkubwa wa mijadala, mwanabiolojia aliyependwa kwa jinsi alivyoeleza wanyama, alifungiwa baada ya kugundulika anatumia akaunti tano za ziada kujipandisha na kuwashusha waliokuwa wakishindana naye. Akaunti tano, mahali penye mamilioni ya watu. Hakuhitaji nyingi. Alihitaji za mwanzo.

Kurudisha na kurekebisha

Tulizifunga akaunti sita na kuzifuta kura zao zote, za kushusha na zile 231 za kupandisha, pamoja na zile 43 za kujificha. Akaunti yake ya kweli tuliisimamisha kwa siku 90. Mwenzangu alitaka afungiwe moja kwa moja, na sababu zake zilikuwa nzito: jibu moja kati ya aliyoyapandisha lingeweza kumuunguza mtu. Nilishikilia siku 90 kwa kuwa alikiri, na kwa kuwa sehemu ya malalamiko yake ilikuwa ya haki. Sina hakika mpaka leo kama nilipima sawasawa.

Kazi ngumu ilibaki. Kura bandia unaweza kuzifuta. Zile za kweli zilizofuata mkumbo huwezi. Mafundi wanne walijitolea kuyasoma upya majibu 57 yaliyoinuliwa na akaunti hizo. Hamsini na mawili yalikuwa sahihi, na mengi yalikuwa mazuri kuliko ya washindani wake. Hilo liliniuma kuliko kisa kizima. Mtu huyu alijua kazi, na angefika alipofika bila wizi, labda kwa mwaka mmoja zaidi. Manne yalikuwa na makosa madogo. Moja ni lile la sindano, aliloliandika kwa haraka kwenye mada asiyoijua, akijua kwamba kura zitakuja vyovyote.

Tuliwatafuta pia walioshushwa. Wawili walikuwa wameacha kuandika. Niliwaeleza kilichotokea na kuwaomba radhi. Mmoja alinijibu kwamba alidhani hafai. Wa pili hajajibu.

Wapo waliopendekeza kila mwanachama aonyeshe kitambulisho. Tulikataa. Ni kweli kwamba tatizo lenyewe linatokana na urahisi wa kujizidisha. John Douceur wa Microsoft Research alilieleza mwaka 2002 kwa jina la shambulio la Sybil: pasipo mamlaka moja inayothibitisha kila mtu ni nani, mtu mmoja anaweza daima kujifanya wengi. Lakini hapa kuna watu wanaouliza wakiwa wamejificha kwa sababu nzuri, kwa mfano mwanafunzi anayeona haya, au fundi asiyetaka mteja wake ajue kwamba amekwama. Kuwapoteza hao ili kumzuia mmoja ni hasara.

Tuliamua kuondoa faida ya kura ya kwanza. Sasa alama hazionekani kwa saa kadhaa za mwanzo. Reddit nao waliwapa wasimamizi wao nafasi ya kuficha alama za maoni kwa muda. Katika muda huo majibu hupangwa kwa kubadilishanabadilishana, kila moja lipate zamu ya kuwa juu. Mkunjo tumeuondoa kabisa kwenye maswali ya umeme, betri na gesi. Na kila usiku programu hutafuta mifululizo ya kura kutoka akaunti moja kwenda kwa mtu mmoja na kuitengua kimya kimya, bila kumshtaki yeyote, kama Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, wanavyofanya kwa miaka mingi. Viwango inavyotumia sitavitaja.

Yule dada mwenye simu alirudi asubuhi ya siku ya pili. Alikuwa amelibofya lile jibu la kijivu usiku uleule, kwa sababu alilijua jina la Mzee.

Nilipozifuta kura za akaunti sita, jibu la Mzee lilibaki na 2 na lile la sindano na 3, kura za wale wanafunzi watano. Wiki iliyofuata namba zilikuwa zimesogea, mimi na mwenzangu tukaangalia kwa nini. Wawili kati ya wale watatu walikuwa wamerudi, wakakaa kwenye uzi dakika nne na dakika saba, wakaziondoa kura zao kwenye sindano na kuziweka kwa Mzee. Wa tatu hajarudi. Kura yake ipo palepale, na sijaigusa.